Kliniki imeweka picha ya mamangu na kidonda chake kwenye bango hapa Free Area. Nishtaki wapi?

BintiFundi, Nakuru

Habari zenu wadau. Naandika kuhusu mamangu, na ningeomba anijibu hasa mtu ambaye amewahi kupeleka malalamiko ya aina hii serikalini akayafuata hadi mwisho.

Mama ana kisukari. Alikanyaga kipande cha chupa, na mnajua mguu wa mtu wa sukari, mara nyingi hahisi kitu mpaka pawe pameshaharibika. Kidonda kikagoma kupona. Tukampeleka kliniki moja ya kibinafsi hapa Free Area, karibu na steji. Upande wa matibabu sina la kulaumu. Walikuwa wanaosha kidonda vizuri, wanampima sukari kila akienda, na nyama imeanza kujaa. Kila walichomwambia alipe amelipa, hana deni lao.

Katikati ya hayo muuguzi alimpiga picha kwa simu. Alimwambia ni ya faili, daktari apate kuona kidonda kinavyoendelea. Mama akakubali, na hata ningekuwepo ningemwambia akubali, kwa sababu hiyo ni sehemu ya matibabu.

Sasa picha imetoka kwenye faili. Ilianzia Facebook, ikaingia kwenye status ya WhatsApp ya kliniki, na siku hizi iko kwenye bango kubwa ukutani linalotazama steji. Upande mmoja KABLA, upande wa pili BAADA, chini namba ya simu na maneno kwamba wanatibu vidonda sugu. Si mguu peke yake. Ni mama mzima, ameketi kwenye kiti cha plastiki cha bluu, mguu juu ya stuli, bandeji imefunguliwa, uso wake wote unaonekana. Amevaa gauni la kitenge cha zambarau lenye kola ya lesi nyeupe. Mimi ni fundi wa nguo, hilo gauni nilimshonea mwenyewe na sijashona lingine la namna hiyo. Mtu wa mtaa huu akiiona ile kola ameshajua ni nani hata kabla macho hayajafika usoni.

Na mama anauza uji na mandazi ng'ambo tu ya barabara. Mteja akisimama na kikombe chake, bango liko mbele yake. Kijana mmoja wa boda aliliangalia bango, akashusha macho kwenye miguu ya mama, akaweka kikombe kwenye benchi kikiwa nusu. Akalipa pesa yake kamili na akaondoka. Hakusema neno. Mama aliniambia heri angemtukana. Zamani ikifika saa tatu asubuhi thamosi zote mbili zimeisha. Siku hizi anarudi nyumbani saa tano na moja haijafunguliwa. Wako wanaosema ule ni ukimwi, eti sukari ni ya kufunika tu. Na kwenye grupu la WhatsApp la mtaa mtu ametuma picha ya bango akaandika chini yake "uji wa usaha". Mama amepika uji hapo tangu nikiwa shule ya msingi. Karo yangu ilitoka kwenye hizo thamosi.

Nilienda kliniki. Mwenye kliniki alinipokea kwa heshima, sitamsingizia. Akatoa fomu ambayo mama alitia kidole gumba siku ya kwanza. Yote ni Kiingereza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mstari unaosema mgonjwa anakubali picha zake zitumike kwa mafunzo na matangazo. Mama aliishia darasa la tatu, na hakuna aliyemsomea. Akasema jina hawakuandika, kwa hivyo hakuna siri ya mtu iliyotolewa, na kwamba bango limemgharimu pesa, haliwezi kutolewa hivi karibuni.

Kinachonifunga mikono ni mama mwenyewe. Kidonda hakijapona. Ananiambia, "Wakinikasirikia, ni nani atanifunga mguu?" Sina jibu la kumpa.

Nianzie wapi? Kwa chifu, polisi, kaunti, au ile ofisi ya data ninayosikia ikitajwa redioni? Naweza kushtaki kwa niaba yake? Na kile kidole gumba kinatumaliza?

---

MzeeWaBahati

Pole sana binti yangu. Mfikishie mama salamu. Mimi ningeshauri uchukue wazee wawili wa Nyumba Kumi na chifu, mwende mkaketi na huyo mwenye kliniki. Kliniki iliyo karibu na watu ni msaada mkubwa, na kesi ikishaingia serikalini uhusiano umekwisha. Huyo bwana umesema alikupokea kwa heshima. Mpe nafasi ya kulitoa mwenyewe bila aibu.

---

BintiFundi, Nakuru

Asante mzee, na nimekusikia. Chifu nilimfikiria. Ninachohofia ni kwamba tutaketi, tutaongea vizuri, tutaambiwa "tutaangalia", na bango litaendelea kukaa pale huku mama akipoteza wateja kila asubuhi.

---

OdhisNyalenda, Kisumu

Dada, mimi nimewahi kushtaki na nilifika mwisho, kwa hivyo nitaandika kwa urefu. Mzee wa Bahati, kwa heshima zote, chifu anaweza kuwapatanisha lakini hana uwezo wa kuamuru picha ifutwe mtandaoni. Kuna ofisi yenye uwezo huo kisheria.

Yangu ilikuwa hivi. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilichota namba zote kwenye simu ya jirani yangu aliyekopa kwao. Mimi sikukopa hata shilingi. Wakawa wananipigia mimi na kumpigia mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha, wakisema nimwambie fulani alipe, na siku nyingine wakaniita mshirika wa wezi. Nilipeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nilijaza fomu yao kwenye tovuti ya odpc.go.ke nikiwa hapa hapa Kisumu, sikulipa chochote. Hapo kwenu wana ofisi Nakuru mjini. Mwende na mama mkaongee na mtu ana kwa ana. Sheria inaruhusu malalamiko ya mdomo, na wao ndio wanaopaswa kuyaandika. Na ndiyo, unaweza kushtaki kwa niaba yake.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inatokana na Ibara ya 31 ya Katiba, ile inayompa kila mtu haki kwamba mambo yake ya faragha na ya familia yake yasianikwe bila sababu. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Ni ofisi changa, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wakidhulumiwa hivi bado wanakimbilia kituo cha polisi, wanaambiwa "hiyo si kesi", wanarudi nyumbani na uchungu wao.

Hilo la "hatukuandika jina" lisikutishe hata kidogo. Kwa sheria hii data binafsi ni habari yoyote inayohusu mtu anayeweza kutambulika, na uso unamtambulisha mtu. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini tatu kwa pamoja. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule ya Roma ya Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kampuni ya Mulla Pride, ya programu za mikopo, 2,975,000 kwa mambo kama yale yangu. Kabla ya hapo OPPO Kenya walitozwa 5,000,000 kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ruhusa yake. Huyo wa klabu alikuwa anastarehe tu. Mamako alikuwa mgonjwa na kidonda kimefunuliwa. Habari za afya ziko kwenye lile kundi ambalo sheria inaliita nyeti na kulilinda zaidi.

Sasa kazi yako, na uifanye kabla hujamwandikia mtu yeyote barua: kusanya ushahidi. Wakijua unashtaki watafuta, na wakifuta huna kitu. Piga picha ya bango ukiwa ng'ambo ya barabara ili steji na jina la kliniki vionekane, kisha usogee upige ya karibu. Facebook, chukua picha ya skrini yenye tarehe ya chapisho, jina la ukurasa, na maoni ya watu chini yake. Nakili na kiungo cha chapisho. Status ya WhatsApp inapotea baada ya saa 24, kwa hivyo ikirudi tena mwambie mtu aliyehifadhi namba yao aichukue hapo hapo. Omba nakala ya fomu ya kidole gumba. Wakikataa kukupa, andika tarehe uliyoomba na ni nani aliyekataa. Mimi barua zangu, picha zangu na orodha ya simu nilizopigiwa nilizipanga kwa tarehe kwenye faili moja ya karatasi, na afisa aliyenipigia alikuwa ananiuliza, "Ile ya tarehe fulani unayo?" Ninayo. Hilo lilinisaidia kuliko maneno yote niliyoandika kwenye fomu.

Kisha andikia kliniki barua ukitaka picha ifutwe Facebook na bango litolewe. Kanuni za sheria hiyo zinawapa siku 14 kujibu ombi la kufuta. Mpe mkononi, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Wakikutolea maneno matamu na bango likabaki, ofisi itaona kwamba mliwapa nafasi. Hapo hata ule ushauri wa mzee umetimia.

Ukishapeleka malalamiko, kliniki inaandikiwa na kupewa siku 21 kujibu, na uchunguzi wote unatakiwa uishe ndani ya siku 90. Mnaweza pia kupatanishwa na ofisi yenyewe kama nyote mnakubali. Yangu iliishia hapo. Walifuta namba zetu, wakaandika barua ya kuomba radhi, na mwalimu mkuu akapewa nakala yake. Fidia sikudai, nilichotaka ni jina langu lisafishwe pale shuleni. Upande usioridhika na uamuzi una nafasi ya kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30.

Kwa mamako ningedai fidia, na ningeiandika wazi kwenye fomu. Faini haiingii mfukoni mwa aliyeumizwa. Fidia ni jambo la peke yake, kifungu cha 65, na kinahesabu hasara ya pesa pamoja na ile dhiki ya moyoni. Kama kuna daftari la mauzo ya uji, lihifadhi. Kama hakuna, anza leo: ametoka na thamosi ngapi, amerudi na ngapi.

---

NesiWaLurambi, Kakamega

Mimi ni muuguzi, miaka mingi kwenye chumba cha kufunga vidonda, na hii habari imenikasirisha.

Picha ya kidonda kwa ajili ya faili ni jambo la kawaida na ni zuri. Tunapiga kidonda, tunaweka rula ndogo ya karatasi kando yake tuone upana, tunaandika tarehe. Uso haumo. Hatuhitaji uso wa mgonjwa kujua kama kidonda cha mguuni kinapona. Picha inapoonyesha uso, kiti na gauni, ujue tangu mwanzo aliyeipiga alikuwa na nia nyingine, au hakufundishwa kazi yake.

Kuhusu kidole gumba. Idhini ya kutibiwa na idhini ya kutangazwa ni vitu viwili, na kuvibana kwenye karatasi moja hakuvifanyi kuwa kimoja. Sheria aliyoitaja Odhis inataka idhini iwe ya wazi, ya jambo mahususi, itolewe kwa hiari na mtu aliyeelezwa. Mzigo wa kuthibitisha kwamba alielezwa ni wa kliniki, si wa mama. Na katika kupima kama ilikuwa ya hiari wanaangalia jambo moja zito: je, huduma ilifungwa kwenye idhini ambayo haikuhitajika kwa huduma hiyo? Mama alikuja kutibiwa mguu. Tangazo halikuwa la lazima ili atibiwe. Alitia kidole kwa sababu alikuwa na maumivu na ameambiwa atie ndipo aonwe.

Halafu hata kama idhini hiyo ingekuwa halali kabisa, ana haki ya kuiondoa wakati wowote. Dada, kwenye barua yako andika sentensi hiyo waziwazi: kwamba kama kuna idhini yoyote, ameiondoa kuanzia tarehe ya barua. Hapo mwenye kliniki hana tena karatasi ya kuinua.

Swali la mama kuhusu mguu ndilo linalonigusa zaidi. Wagonjwa wengi ninaowajua wamenyamazia mambo mabaya kwa sababu hiyo hiyo: anayekuumiza ndiye ameshika bandeji. Kwa hivyo ondoa hiyo hofu kwanza kabla ya barua. Hapo Nakuru mna hospitali ya rufaa ya kaunti, ile wenyeji bado wanaiita PGH. Mpeleke aonwe kidonda na sukari, afunguliwe faili. Ana haki ya kupata nakala ya rekodi zake kutoka kliniki, na kanuni zinawapa siku 7 kuitikia ombi la namna hiyo. Uliza dawa alizopewa, vipimo vya sukari vya kila siku aliyokwenda, na kama usaha wa kidonda uliwahi kupimwa maabara kujua ni vijidudu gani. Akishakuwa na pa kufungwa mguu, utaona hata sauti yake inabadilika.

Tena usikubali azembee kidonda wakati mnafuatilia kesi. Akiona wekundu unapanda mguuni, harufu, homa, au vidole kubadilika rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu mabaraza: kliniki yenyewe na daktari wako chini ya Baraza la Madaktari, lile la KMPDC. Kama anayeiendesha ni afisa wa kliniki, kuna Baraza la Maafisa wa Kliniki. Muuguzi aliyepiga picha yuko chini ya baraza letu la wauguzi. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, na Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa 2013 unasema hivyo hivyo. Unaweza kushtaki huko pamoja na kwenye ofisi ya data, haya hayazuiani. Ningeanza na ofisi ya data kwa sababu unachotaka kwanza ni picha iondoke. Nidhamu ya wahudumu ifuate.

---

KijanaWaShabab

Wasiwasi wangu ni huyo wa "uji wa usaha". Huyo si kliniki, huyo ni jirani. Peleka polisi wewe! Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ina kifungu cha unyanyasaji, faini hadi milioni 20 au miaka 10 ndani. Au piga ile namba ya bure ya Fichua kwa DCI, wale wapelelezi wa polisi, 0800 722 203. Mmoja akikamatwa grupu zima litanyamaza.

---

NesiWaLurambi, Kakamega

Kijana, kifungu kipo, 27, na adhabu ni hiyo uliyotaja. Lakini ni kesi ya jinai, na polisi watataka kuona mwenendo unaomtia mtu hofu au kumwumiza kweli. Kama alituma mara moja na akaacha, itakuwa kazi. Kama anaendelea, chukua picha za skrini zenye namba yake, nenda kituoni, uandikishe kwenye OB, lile daftari la matukio, na uondoke na namba ya OB. Bila hiyo namba hujaripoti, umepiga hadithi tu na afisa wa zamu. Mwambie pia msimamizi wa grupu aifute ile picha.

Na hao wanaosema ukimwi: kusema uongo kuhusu ugonjwa wa mtu ni ukatili, lakini msijikute mnamtembeza mama na matokeo ya vipimo kuwaonyesha majirani ili "asafishwe". Nimeona familia ikifanya hivyo. Hana deni la kumwonyesha mtu yeyote damu yake.

---

MzeeWaBahati

Nimesoma yote, na nashukuru. Sikujua kwamba kuna ofisi inayoweza kuamuru hivyo, na kwamba iko hapa mjini. Binti, chifu bado anaweza kukufaa kwa jambo moja: kama mama hana kitambulisho karibu au anaogopa kwenda ofisini, mwombe barua ya kukutambulisha wewe kuwa mwanawe. Na siku ya kupeleka barua kliniki usiende peke yako. Nenda na mtu mzima anayejua kusoma, asimame tu.

---

BintiFundi, Nakuru

Asanteni sana, wote. Nawajibu kwa pamoja.

Mama ameonwa PGH. Kidonda wamesema kinaendelea vizuri, sukari bado iko juu kidogo, na amepewa siku za kurudi kufungwa. Nesi wa Lurambi, ulisema kweli. Tulipotoka kwa daktari, kwenye matatu ya kurudi, aliniuliza mwenyewe, "Sasa ile barua umeandika?"

Nimeiandika kwa Kiswahili, nikamsomea polepole, na kila sehemu nikamwuliza kama ndivyo anavyotaka. Ile sentensi ya kuondoa idhini nimeiweka. Mahali nilipoandika kwamba yeye ni mgonjwa wao, akasema niongeze kwamba ni mfanyabiashara wa uji na mandazi pale steji, wapate kujua wanamharibia nini. Nikaongeza. Mwisho akataka kutia sahihi yake mwenyewe badala ya kidole. Anaijua, aliifunza kwenye chama chao cha akina mama. Huko kliniki hakuna aliyemwuliza kama anaweza kuandika.

Picha za bango ninazo, za mbali na za karibu. Facebook ninayo na maoni yote, ikiwemo moja ambapo mtu anauliza "huyu si mama wa uji?" na ukurasa wa kliniki ukajibu kwa alama ya kidole gumba juu. Nakala ya fomu hawajanipa. Nimeandika tarehe niliyoomba na jina la aliyenijibu. Daftari la mauzo mama hakuwa nalo, lakini alikuwa anaweka pesa kwenye M-Pesa kila siku jioni, na ile taarifa ya miezi iliyopita inaonyesha wazi pesa zilivyoshuka tangu bango lipande. Je, hiyo inafaa? Na tukisubiri hizo siku 14, kliniki ikilitoa bango lakini ikabakisha Facebook, tuendelee au ndio imeisha?

---

OdhisNyalenda, Kisumu

Taarifa ya M-Pesa ni bora kuliko daftari, kwa sababu hukuiandika wewe. Omba ile kamili yenye tarehe, ichapishwe, na uweke alama siku bango lilipotundikwa. Hayo maoni ya "huyu si mama wa uji?" yaweke juu kabisa kwenye faili. Yanaonyesha kwamba ametambulika bila jina, na kwamba kliniki iliona na ikakubali. Hoja yao kubwa imeanguka hapo.

Wakitoa bango na kubakisha Facebook, endelea. Wakitoa vyote viwili, bado mama ana haki ya kudai fidia ya wakati picha ilipokuwa wazi, kwa sababu wateja hawakurudi siku bango liliposhuka. Hilo aamue yeye, si wewe wala sisi. Kwenye fomu utaulizwa mnataka ofisi ifanye nini. Andika yote: picha ifutwe kila mahali pamoja na kwenye simu za wafanyakazi, ile fomu ya kidole ibadilishwe ili mgonjwa mwingine asitiwe mtegoni, barua ya kuomba radhi, na fidia kwa kiasi anachotaja mama.

Kisha mkishapewa namba ya malalamiko, iandike mahali pawili. Ukipiga simu kuuliza, hiyo ndiyo watakayokuuliza kwanza.